OT Si Ovataimu, na Kozi Sihami

Wacha niseme hii kitu moja kwa moja, wa kununa wanune mapema.

Kericho na Bomet zinalishwa na mikono. Mkono ndio unachuma chai, mkono ndio unakama ng'ombe asubuhi, mkono ndio unashika usukani wa boda kutoka Sotik hadi Litein. Karo nyingi zinazolipwa huku kuna mkono wa mtu nyuma yake. Lakini kijana wa huku huku akisema anaenda chuo kikuu kusomea jinsi ya kuurudisha huo mkono kazini ukishaharibika, watu wanamwangalia kama amefiwa.

Kijana mwenyewe ni mimi. Fresha, mwaka wa kwanza, shahada ya tiba ya kazi, ile tunaita OT kwa kifupi. Nyumbani ni Kaplong, pale barabara ya kutoka Bomet inapokutana na ile ya Kericho kwenda Sotik na Kisii. Ni mahali matatu zote hupita na kila msee ana maoni. Tangu niitwe chuo nimeyasikia maoni yote, na nimeyapanga kwa makundi.

Kuna watu wa pole. "Pole sana. Lakini si unaweza kuhamia uuguzi baadaye?" Hao wanaongea polepole kama wako matangani.

Kuna watu wa jina. Mjomba wangu amefanya kazi kiwanda cha chai miaka mingi. Aliposikia OT alicheka hadi akashika ukuta, kwa sababu kiwandani OT ni ovataimu. "Yaani tunachanga pesa ukasomee ovataimu? Hiyo si mimi ningekufundisha bure?" Hiyo ilikuwa kali, nampa heshima yake.

Kuna watu wa hesabu. Hao wana swali moja tu: "Hiyo kozi iko na kazi?"

Halafu kuna sisi wenyewe, vijana. Hapa ndipo inaniuma. Darasani kwetu wiki ya pili stori kubwa haikuwa anatomia. Ilikuwa fomu ya kuhama kozi. Watu hawajajua hata maktaba iko wapi, lakini wanajua ofisi ya kuhamia. Ukiwauliza kwa nini, hakuna anayekwambia ameichukia OT. Wanakwambia, "Nyumbani sina vile nitaeleza."

Hilo ndilo nalipinga leo. Mtu kuacha kozi kwa sababu haimfai ni sawa, maisha ni yake. Lakini kuacha kozi kwa sababu shangazi hawezi kuitamka harambee ni kitu kingine. Hiyo ni aibu tumevishwa na watu ambao hawajawahi kuuliza hiyo kozi inafanya nini.

Basi tueleze.

Hii "kazi" ni kazi gani?

Jina linachanganya watu. Wakisikia tiba ya kazi wanafikiria ajira, au kiwanda, au ovataimu ya mjomba. Kwenye OT, kazi ni kila kitu kinachojaza siku yako: kuoga, kufunga vifungo vya shati, kushika kijiko, kuandika, kucheza, kupika, kwenda kanisani, kuchuma chai, kubonyeza simu. Ugonjwa ukikukatia hizo kazi, au ajali, au umezaliwa na mwili ambao haukukubali kirahisi, mtu wa OT ndiye anayekaa na wewe mtafute njia ya kuzirudisha. Wakati mwingine mnafundisha mwili upya. Wakati mwingine mnabadilisha kifaa. Wakati mwingine mwili hautabadilika tena, kwa hivyo mnabadilisha choo, au mlango, au namna kazi yenyewe inavyofanywa.

Si kozi ya jana. Chama chake cha kwanza kiliundwa Marekani mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinaendelea, na wanajeshi waliorudi wamevunjika mwili na akili ndio walioonyesha watu umuhimu wake. Shirikisho lake la dunia limekuwepo tangu 1952. Hapa Kenya KMTC Nairobi imetoa stashahada yake kwa miaka mingi. Jirani Tanzania wanaifundisha Moshi, pale KCMC. Kwa hivyo ukisema "hizi kozi mpya mpya", kumbe ni wewe ndio umechelewa.

"Si hiyo ni fizio tu?" Hapana. Ni majirani, tunasaidiana, lakini maswali yetu ni tofauti. Kwa kifupi sana, fizio anataka bega lako linyanyuke tena. Mimi nataka kujua ukishalinyanyua utachana nywele vipi, utatoa sufuria kwenye rafu vipi, na kama huwezi, tutaishusha hiyo rafu.

Kikombe kimoja cha chai

Moja ya vitu unaanza kujifunza ukiingia OT ni kuchambua shughuli. Unachukua kitu ambacho kila mtu anakidharau, unakivunja vipande vipande. Tuchukue chai, si ndiyo tunayoijua.

Lazima usimame bila kuyumba. Ushike sufuria ikiwa tupu, kisha uishike ikiwa nzito. Uwashe moto bila kujichoma. Ukumbuke maji, maziwa, majani, sukari, kwa mpangilio. Uwe makini, kwa sababu maziwa hayakungoji, ukigeuka yamemwagika. Uinue sufuria ya moto kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ushike kichungi. Umimine kwenye kikombe, usimimine kwenye mguu. Halafu ukibebe hadi kwenye kiti.

Hapo kuna nguvu, kuna usawa wa mwili, kuna macho, kuna kumbukumbu, kuna maamuzi, kuna mikono miwili inayofanya vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupoteza chochote kati ya hivyo. Dawa za presha zitapunguza hatari ya kiharusi kingine, na tunazishukuru, lakini hazitamfundisha kumimina.

Sasa sikiliza hii. Uingereza, mzee akipata kiharusi, mara nyingi kabla hajaruhusiwa kurudi kwake mtu wa OT humpeleka jikoni na kumwambia: nitengenezee kikombe cha chai. Anasimama pembeni, anatazama kila hatua, anaandika. Hicho kikombe kinamsaidia kujua kama mzee anaweza kuishi peke yake na anahitaji msaada gani.

Na Uingereza ni kati ya wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya. Kwa hivyo jani lililotoka kwenye vilima vyetu linaweza kuwa ndilo linatumika kupima maisha ya mzee fulani Leeds. Lakini mama aliyelichuma akianguka na kiharusi hapa kwetu, mara nyingi anapewa dawa, anapakiwa kwenye Probox, anarudi kukaa kwenye kiti cha sebuleni. Mwaka mmoja, miaka mitano, miaka kumi. Mkono umejikunja kifuani, binti yake ameacha shule au biashara ili amlishe. Na sisi tunasema, "Tunashukuru Mungu, aliponea."

Aliponea nini? Kupona ni kupumua tu?

Tumezoea kudhani afya ni dawa

Kwa Kipsigis dawa ni *kerichek*, na wako wazee watakwambia hata jina la Kericho limetoka hapo. Labda ndiyo maana tumeamini afya inakaa ndani ya chupa. Ukitoka hospitali bila dawa unahisi umeibiwa. Daktari asipoandika kitu, unaenda kumtafuta anayeandika.

Mtu wa OT hana chupa. Ana kijiko ambacho mpini wake umezungushiwa kipande cha slipasi kuukuu ili kiwe kinene na mkono dhaifu uweze kukishika. Ana kifaa cha kunyoosha vidole vya mtoto aliyemwagikiwa na uji, kwa sababu kidonda cha moto kinaweza kupona vizuri kabisa na bado vidole vikajikunja na kushikana milele. Ana kiti cha mtoto ambaye hawezi kukaa wima, kiti ambacho kimetengenezwa kwa katoni na gundi ya unga. Si utani, hiyo teknolojia ya karatasi ilianzia Zimbabwe na imefika nchi nyingi za Afrika, na mtoto aliyekuwa anashinda amelala chali anaanza kula akiwa amekaa na kuona watu usoni.

Ukiangalia hizo vitu kwa macho ya haraka zinakaa za kuchekesha. Slipasi? Katoni? Na ulisoma miaka yote hiyo? Ndiyo. Kujua ni mpini gani, kwa mkono upi, kwa pembe gani, kwa ugonjwa ambao kesho utakuwaje, ndiko miaka yote hiyo inaenda. Ukikosea kifaa cha vidole unaharibu mkono.

Sisemi dawa na upasuaji ni upuzi. Tenwek, hapa hapa Bomet, wanafanya upasuaji wa moyo, na hiyo ni sifa ya nchi nzima. Kaplong yenyewe tuna hospitali ya misheni ambayo vizazi vimezaliwa ndani yake. Nasema hivi: tukishamshona mtu moyo, huyo mtu anarudi nyumbani kuishi. Na kuishi kuna vifungo, kuna choo, kuna jembe, kuna mtoto wa kubeba. Tumempa heshima yote anayeokoa maisha, hakuna heshima tumebakisha kwa anayeuliza maisha yenyewe yatakuwaje.

Mgongo ulienda hadi Scotland

Kama bado unaona hii ni mada ya watu wa majuu, hebu kumbuka kesi ya Finlay. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya kule Scotland, Court of Session mjini Edinburgh, iliruhusu wachumaji chai wa Kericho waishtaki kampuni ya James Finlay (Kenya) kwa pamoja. Walikuwa zaidi ya 1,000. Madai yao yalikuwa kwamba kazi ya kuchuma na kubeba chai imewaumiza migongo na viungo. Kampuni ilipinga, na mawakili wakabishana sana kuhusu kama kesi inafaa kusikizwa kule au hapa Kenya.

Mimi si wakili, na hapa sisemi nani ana haki. Nasema tu ona safari. Maumivu ya mgongo wa mtu wa Kericho yalilazimika kuvuka bahari ndiyo yasikike kama jambo la maana. Nyumbani yalikuwa yanaitwa uzee. "Ni mgongo tu, si ni kazi." Umri wa miaka arobaini, mtu anainuka kitini kwa awamu tatu, na tunamwita mzee.

Kuna elimu nzima inayohusu hilo. Kikapu kikae wapi mgongoni, uzito ugawanywe vipi, mtu apumzike baada ya muda gani, abadilishe mkono vipi, dalili gani ukiziona usingoje mwezi ujao. Mchumaji anavunja majani mawili na chipukizi, anarudia hivyo hivyo tangu asubuhi, kwenye mteremko, mvua ya mchana ikimpiga. Kumsaidia huyo mtu adumu na mwili wake ni OT kabisa. Haihitaji jaji wa Edinburgh. Inahitaji mtu aliyesoma, aliyeajiriwa, na aliye karibu.

Mei 2023 watu waliandamana Kericho, mashine za kuchuma chai zikachomwa. Kila mtu alikuwa na upande: mashine au mikono. Nilifuatilia sana mjadala ule, na kilichonigonga ni kwamba pande zote mbili zilihesabu mikono kwa kilo. Mkono mmoja unatoa kilo ngapi, mashine moja inaondoa mikono mingapi. Sikumsikia mtu akiuliza hiyo mikono inaumwa vipi jioni.

Tunajua kuhesabu waliokufa

Tarehe 30 Juni 2023, Londiani. Lori lilipoteza mwelekeo, likagonga magari, likavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara. Watu 52 walikufa. Hiyo namba tunaikumbuka wote, na tunafaa kuikumbuka.

Lakini kulikuwa na waliobaki hai. Wale waliovunjika, waliokatwa, waliotoka pale na mwili ambao hawakuingia nao. Hao namba yao nani anaikumbuka? Kamera zilikuja wakiwa kitandani, wanasiasa wakaja na maziwa, kisha wodi ikaisha. Baada ya wodi ndipo kazi yangu inaanzia, na baada ya wodi ndipo kila mtu anaondoka.

Na usingoje ajali kubwa. Pale steji ya boda, uliza watu wameanguka mara ngapi. Kila mkono una mifupa 27, minane imejazana kwenye kifundo peke yake. Mmoja wa hiyo minane unaitwa skafoidi. Ukianguka ukajikinga na kiganja, huo ndio unapenda kuvunjika, na picha ya kwanza ya eksrei inaweza kukosa kuuonyesha. Unaambiwa umeteguka tu, unafunga bandeji, unaendelea. Miezi baadaye huwezi kukaza klachi. Hiyo ni riziki ya mtu imepotelea kwenye mfupa mmoja mdogo.

Hata serikali inajua kuhesabu, ikitaka. Sensa ya 2019 iliuliza watu kama wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kuwasiliana, na kujihudumia. Asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano kwenda juu waliandikwa kuwa na ulemavu, watu zaidi ya 900,000. Kujihudumia! Yaani karani alisimama mlangoni akauliza kama kuna mtu hapa hawezi kuoga au kuvaa mwenyewe, akaandika, akaenda. Mtu aliyetumwa kuhesabu alifika. Mtu wa kufundisha kuoga na kuvaa bado anangojwa.

"Lakini iko na kazi?"

Sasa watu wa hesabu, nimefika kwenu. Sitawadanganya. Hamjakosea kuuliza. Karo ni ng'ombe, ni majani, ni mkopo wa chama. Mzazi ana haki ya kujua inaenda wapi.

Lakini tuulize vizuri. Kwanza, ile kozi mnayoniambia nihamie ndiyo iko salama? Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Ugomvi mmoja mkubwa ulikuwa madaktari wanaoanza mafunzo ya kazi. Mkataba wa 2017 ulikuwa na karibu shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikasema itawalipa 70,000. Hao ni watu waliopata alama za juu nchini, wale ambao kila kijiji kiliwachinjia mbuzi. Kama usalama ungekuwa unatokana na jina la kozi, wao wasingekuwa barabarani na mabango. Sisemi hivyo kuwacheka, nawaunga mkono. Nasema tu shida ya ajira haiko kwenye kozi yangu, iko kwa mwajiri.

Na mwajiri ni nani? Tangu ugatuzi uanze 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Anayeamua kama kutakuwa na mtu wa OT Longisa au Kapkatet, na kama watakuwa wawili au sita, si Mungu na si mwalimu wangu. Ni bajeti ya kaunti. Na bajeti zetu zinapenda majengo. Jengo lina utepe, utepe una mkasi, mkasi una kamera. Hujawahi kuona gavana akikata utepe kwa sababu mama fulani wa Ndanai amefunga kitambaa chake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu apate kiharusi. Hakuna bango la hiyo kitu. Kwa hivyo tunajengewa wodi na tunanyimwa watu wa kukaa ndani.

Kwa hivyo mkisema hakuna kazi, semeni sentensi hadi mwisho. Kazi iko, imejaa kila boma. Kile hakuna ni ajira. Migongo ipo, watoto waliofichwa vyumba vya nyuma wapo, madereva waliovunjika wapo, vijana waliotoka hospitali ya akili na hawajui waanze siku vipi wapo. Kukosekana kwa mshahara wa kuwatibu ni uamuzi wa mtu, na uamuzi wa mtu unaweza kubadilishwa. Mnanipa pole mimi, kumbe mngempigia simu MCA.

Kuna wengine wananiambia, "Soma haraka uende UK, huko OT wanatafutwa." Sina shida na anayeenda, familia zetu zinajengwa na hizo pesa. Lakini tusikilize tunachosema. Tunasema kozi haina maana hapa lakini ina maana kule. Mwili wa kule una thamani gani ambayo mwili wa Kaplong hauna? Kama mkono wa mzee wa Leeds unastahili mtu wa kuufundisha kumimina chai, mkono uliochuma hiyo chai unastahili zaidi.

Kwa fresha mwenzangu

Wewe uliye na ile fomu ya kuhama mfukoni, sikia. Kama unahama kwa sababu ndoto yako ni nyingine, nenda, na uende kichwa juu. Lakini kama unahama kwa sababu umechoka kueleza, kaa. Kueleza ni sehemu ya kozi. Utamweleza daktari kwa nini mgonjwa wake asiruhusiwe leo. Utamweleza mwalimu mkuu kwa nini mtoto anaandika polepole na si mjinga. Utamweleza mwanamume kwamba kulishwa na mke si lazima kuwe kwa maisha yote. Ukishindwa kumweleza shangazi, hao wengine utawaweza?

Na usikubali ile stori ya kufuma vikapu. Wanaisema kwa dharau kwa sababu zamani hospitali za akili zilitumia ususi na kazi za mikono kama tiba. Sasa? Mtu ambaye akili yake ilikuwa imetawanyika kwa miezi, akikaa saa nzima akafuata mpangilio, akamaliza kitu, akakishika mkononi akasema hiki nimetengeneza mimi, unajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani? Sisi tumekulia kwenye kikapu. Wa kucheka kikapu hatufai kuwa sisi.

Ndugu zangu wa kiume, na nyinyi mwache ile ya "hiyo ni kozi ya wasichana". Kiharusi hakiulizi jinsia, na mzee wa Kipsigis anayehitaji kufundishwa kuoga upya anaweza kumkubali kijana wa kiume haraka kuliko binti wa rika la mjukuu wake. Mnahitajika.

Kwa watu wa nyumbani

Sitaki pole. Nataka vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji nyinyi muweze kutamka jina la kozi.

Kwanza, mgonjwa wenu akiruhusiwa kutoka hospitali, msiulize tu "dawa atakunywa mara ngapi?" Ulizeni pia: "Nyumbani atavaa vipi, atakula vipi, choo ataenda vipi, na ni nani hapa anaweza kutuonyesha?" Hospitali ikikosa jibu, iwe hospitali ndiyo imeona aibu, si nyinyi.

Pili, mtoto aliyechelewa kukaa, kutembea au kushika vitu asifichwe hadi afikishe miaka minane. Mwili wa mtoto unafundishika zaidi akiwa mdogo. Kila mwaka kwenye chumba cha nyuma ni mwaka umeliwa.

Tatu, kaunti ikiita watu kwenye vikao vya bajeti, nendeni, na msizungumzie barabara peke yake. Simameni muulize, hospitali ya kaunti ina watu wangapi wa OT na mwaka ujao inaajiri wangapi. Ulizeni Bomet, ulizeni Kericho. Wakijibu kwamba hawana pesa, waulizeni jengo la mwisho lenye utepe liligharimu ngapi.

Tarehe 27 Oktoba ni siku ya OT duniani. Mwaka huu mtaona sisi mafresha tumejaza picha mtandaoni na makoti meupe ambayo bado yana alama za kukunjwa dukani. Tuachieni hiyo furaha. Lakini usibonyeze tu moyo ukapita. Tafuta mtu mmoja wa kwenu ambaye "aliponea" na hajatoka kitini tangu siku hiyo, umuulize ni kitu gani kimoja angetaka kufanya tena kwa mikono yake mwenyewe.

Akikujibu, umeshajua nimeenda chuo kusomea nini.